Barua kwa Zuhura: chora dirisha kabla ya kutundika kanga

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia umepewa dirisha la duka la kanga pale Biashara Street, Mombasa, ulipambe kwa msimu wa harusi. Umeniuliza uanze na rangi gani. Nakuomba rangi uiweke kando kwanza. Aliye ng'ambo ya barabara huvutwa na pale penye weupe panapokutana na penye weusi. Rangi huitambua vizuri akishasogea. Kwa hiyo mchoro wa kwanza uwe wa penseli tupu.

Kwa vipimo ulivyonipa, upana sentimita 240, kimo 210 na kina 90, chukua karatasi ya A3 na ufanye sentimita 1 ya karatasi kuwa 10 za dirisha. Utapata mstatili wa 24 kwa 21. Usikisie kwa macho, kwani hapa ndipo wengi wanapoharibu. Doti nzima isiyokatwa ina upana wa karibu sentimita 300, yaani 30 kwenye karatasi, na haiingii. Kanga moja, 150 kwa 110 hivi, inaingia na kukuachia sentimita 90, zinazotosha sanamu moja ya kuvalisha yenye nafasi ya kupumua. Ukiisimamisha kanga wima ili uingize mbili, jina litasomeka kwa kulaza shingo, na kanga isiyosomeka jina imepoteza nusu ya sauti yake.

Sakafu ya dirisha iko sentimita 45 juu ya njia, na jicho la mtu mzima aliyesimama liko karibu 150. Piga basi mstari wa jicho sentimita 10.5 juu ya mstari wa sakafu, na jina la kanga likae hapo. Kama jina liko sentimita 30 kutoka ukingo wa chini (pima ya kwako, hutofautiana), ukingo huo utaning'inia 75 kutoka sakafuni na wa juu utafika 185. Taa bado zina nafasi.

Sasa kina. Weka nukta katikati ya mstari wa jicho, kisha vuta mistari hafifu kutoka pembe nne za mstatili hadi kwenye nukta hiyo. Kwa mtazamaji aliye mita 2 mbele ya kioo, ukuta wa nyuma huonekana kwa kiasi cha 200 juu ya 290, karibu 0.69. Uchore 16.5 kwa 14.5, sakafu yake ikianzia sentimita 3.3 juu ya mstari wa mbele. Kanga iliyo ukutani nayo hupungua, kutoka 15 hadi 10.3, lakini jina hubaki palepale kwenye mstari wa jicho. Ukichora ukuta mdogo kupita hapo, dirisha litaonekana refu kama ujia, na mwenye duka atataka kulijaza vitu visivyo na pa kukaa.

Kabla ya mchoro huo mkubwa, fanya vidogo vitano au sita vya 6 kwa 5, kila kimoja kwa dakika chache, ukitumia weupe wa karatasi, kijivu na weusi wa penseli ya 4B tu. Kisha visimamishe ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, ufinye macho. Kile kinachobaki na umbo moja linaloeleweka ndicho cha kuendeleza.

Kwenye rangi, jihadhari na jambo moja la vitambaa vya chapa. Maua madogo mekundu na ya kijani, yakitazamwa kutoka mbali, huchanganyika machoni na kuwa kahawia iliyofifia. Tundika kanga, nenda mita 10, kisha upake kwenye mchoro rangi unayoiona kutoka hapo. Ukiipaka ile uliyoiona mezani, mchoro utapendeza kuliko dirisha. Piga pia picha na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe: nyekundu na kijani zinazogombana vikali mara nyingi hutoka kijivu kimoja.

Ndiyo maana kwa harusi ningechagua kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe yake zimeachana vya kutosha hata ukiondoa rangi. Nyuma yake usiweke kijivu, maana kando ya nyekundu kijivu huelekea ukijani. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika karakana za Gobelins mjini Paris, alikuta malalamiko kwamba uzi mweusi unakosa nguvu. Uzi ulikuwa mzima, rangi jirani ndizo zilizoudhoofisha. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1839. Chagua rangi ya mchanga, nyepesi ila si nyeupe, ili weupe wa kisutu ubaki juu ya vyote. Ukuta mwepesi wenye taa hupunguza pia kioo kuwa kama cha kujitazamia mchana. Ukuta mweusi hukifanya kioo kirudishe taswira ya magari ya barabarani. Ule mgawo wa sita, tatu na moja unaofundishwa, yaani sehemu sita za rangi kuu, tatu za rangi ya pili na moja ya kusisitiza, unasaidia, lakini kanga imeshabeba rangi tatu, hivyo ile moja iwe ndogo mno: kijani kwenye viatu vya sanamu, basi.

Ukipaka kwa penseli za rangi, anza na nyepesi kwenda nzito, tabaka juu ya tabaka. Ukikandamiza mapema, nta itaziba karatasi na rangi ya juu itateleza. Manjano usiitie kivuli kwa nyeusi, itageuka kijani cha matope, tumia kahawia.

Kuta tatu ni karibu mita za mraba 9, kwa kupaka mara mbili lita 2 za rangi ya maji zinatosha. Paka kwanza kibao, kikauke, kisha kitazame nyuma ya kioo chini ya taa zilezile. Rangi iliyochaguliwa chini ya taa nyeupe ya kelvini 6500 hubadilika chini ya ile ya umanjano ya 3000: nyekundu hupata joto, buluu hufifia. Taa zenyewe ziwe za kuonyesha rangi kwa kiwango (CRI) cha 90 au zaidi kati ya 100.

Nitumie umbali wa jina kutoka ukingo wa chini, na picha mbili za dirisha tupu, moja ya saa sita mchana na moja ya saa kumi alasiri. Jua la alasiri likigonga kanga moja kwa moja, tenga kanga ya akiba ya kubadilisha, kwa sababu nyekundu itapauka.

Wako,
Saida