Mtu aliyekaa mbele ya propela

Mhariri,

Makala yenu ya ndege za vita zilizofeli nimeisoma yote na ile sehemu ya BE9 ya Waingereza imeniuma, maana mmeiandika kama kichekesho, picha moja mistari miwili basi mkapita. Hiyo ndege ilikuwa na sababu yake jamani.

Mwaka 1915, kwenye vita ya kwanza ya dunia, shida ilikuwa moja, utapigaje risasi mbele wakati propela inazunguka hapohapo mbele ya bunduki? Mfaransa Roland Garros alifunga vyuma kwenye propela vya kukinga risasi zake mwenyewe, mwezi wa nne akaangukia kwa Wajerumani wakaikamata ndege, na haikupita muda Fokker akatoa mtambo wa kufanya risasi zipite katikati ya mapanga. Waingereza walikuwa bado hawana. Ndo kiwanda cha Farnborough wakachukua ndege yao ya BE2c (aina hiyohiyo iliyoletwa Mbuyuni, upande wa Taveta, 1916) wakasogeza injini nyuma, na mpiga bunduki wakamweka kwenye kiboksi cha plaiwudi MBELE ya propela. Anaona kote, hakuna cha kumzuia. Askari wakaiita mimbari.

Sasa huyo mtu mmemfikiria? Propela inakata upepo nyuma ya kisogo chake, rubani yuko kule nyuma ya injini hawawezi hata kusemezana, rubani akipigwa risasi yeye hana la kufanya, na ndege ikitua vibaya tu ikainamia pua basi injini yote inamponda. Hugh Dowding, ambaye 1940 ndo alikuwa mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, alisema ni mashine ya hatari sana kwa huyo wa kwenye boksi.

Ilipaa Agosti 1915, ikapelekwa Ufaransa kwa majaribio, wenyewe wa kuirusha hawakuitaka, mwanzoni mwa 1916 ikarudishwa kwao. Ilitengenezwa moja tu. Lakini SPAD A2 ya Wafaransa, yenye kiboksi vilevile mbele, ilitengenezwa kwa makumi na nyingi zikaenda Urusi, kwahiyo kuna vijana wengi walikaa pale kweli kweli, na nyie hamkuitaja kabisa!

Mkiirudia hiyo makala naomba muiweke SPAD, na picha ya BE9 muitoe nzima, hiyo yenu mmeikata pua na kiboksi hakionekani.

Msomaji wenu,
Tanga