Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Katiba inanitaka nitoe taarifa kila mwisho wa mwaka, nami natii. Shughuli za kawaida mnazijua: iftari ilifanyika, Siku ya Kiswahili ya Julai 7 iliadhimishwa, darasa la watoto la Jumamosi liliendelea, misiba ilichangiwa. Wanachama waliosajiliwa ni 68, waliolipa ada 27, mikutano iliyoitishwa 6, iliyotimiza akidi 2. Mapato dola 4,310, matumizi dola 4,085, salio dola 225. Mkaguzi wa hesabu amepitia vitabu na hana hoja.

Sasa niingie kwenye suala la basi.

Kamati ya utendaji, katika kikao halali chenye muhtasari uliosainiwa, iliamua kuwa fedha za sherehe ya kufunga mwaka zikodi basi la kwenda Fort Davis, kambi ya kale ya jeshi hapa Texas alikotumikia ofisa mweusi Henry Flipper, karibu maili 400 kutoka hapa San Antonio. Wazo hilo, naomba liingie kwenye kumbukumbu, lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimesemwa sana kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja aliandika kwamba mwenyekiti ameuza pilau letu atupeleke kutazama magofu. Mwingine aliuliza huyo Henry Flipper ni ndugu wa nani. Nitajibu kwa kirefu, maana waliolalamika zaidi ndio ambao hawakupanda basi. Viti vilikuwa 47, tukaenda watu 19.

Henry Ossian Flipper alizaliwa utumwani mwaka 1856, Thomasville, Georgia. Baba yake, Festus, alikuwa fundi viatu, mali ya mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Ponder. Mama yake, Isabella, pamoja na mtoto, walimilikiwa na mtu mwingine, tena mchungaji. Ponder alipohamishia mafundi wake Atlanta, familia ilikuwa inakwenda kugawanyika. Ponder akasema hana fedha za kumnunua mama na mtoto. Basi Festus, aliyekuwa amejiwekea akiba kwa kazi za ziada, akamkopesha bwana wake fedha za kumnunua mke wake mwenyewe na mwanawe. Mtumwa akamkopesha anayemmiliki, ilimradi nyumba yake isivunjike. Sisi tulio huru, wenye ajira mbili mbili, ada ya dola 60 kwa mwaka tunaijadili hadi usiku wa manane.

Festus na Isabella walipata wana watano. Joseph akawa askofu wa Kanisa la African Methodist Episcopal, mwingine akawa daktari. Henry, kifungua mimba wao, aliingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1873. Kwa miaka minne wenzake karibu wote walikataa kumsemesha nje ya kazi. Mwaka 1877 akahitimu akiwa wa 50 kati ya 76, Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza pale. Akapewa cheo cha luteni usu katika Kikosi cha 10 cha askari weusi wa farasi, wale mnaowajua kwa jina la Buffalo Soldiers. Akiwa kambi ya Fort Sill, Oklahoma ya leo, alichimbisha mfereji wa kukausha madimbwi yaliyohofiwa kuleta malaria, na mfereji huo upo hadi leo. Mwaka 1880 alikuwa mpakani mwa Mexico kwenye kampeni ya kumwinda Victorio, kiongozi wa kabila la Apache. Kijana wetu mmoja aliuliza kwenye basi kama hao Apache si ndio waliokuwa wenye nchi. Ni swali la haki. Flipper naye alitumwa na serikali iliyokuwa imeuhalalisha utumwa wake mwenyewe.

Fort Davis alikabidhiwa stoo ya vyakula. Akawa anawauzia askari na wanawake wafua nguo kwa mkopo, na wengi hawakulipa. Nawaomba wadaiwa wa chama hiki, ambao ni 41, waisome sentensi hiyo mara mbili. Mwaka 1881, chini ya mkuu mpya wa kambi, Kanali William Shafter, hesabu zikakutwa pungufu. Flipper alikuwa ameficha pengo hilo, hata akaandika hundi kwenye benki ambako hakuwa na akaunti. Alishtakiwa kuiba dola 3,791.77. Watu wa mji walichangishana, deni lote likarudishwa. Mahakama ya kijeshi iliyokaa kwenye kanisa la kambi ikasema hakuiba, ila ikamtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa ofisa. Mwaka 1882 akafukuzwa jeshini. Mweka hazina wetu asinielewe vibaya. Vitabu vyake ni safi.

Baadaye alifanya kazi ya uhandisi na upimaji ardhi Mexico na mpakani, akaitumikia serikali ileile kama mtaalamu wa hati za ardhi za Kihispania, huku akiomba Bunge la Marekani limsafishie jina bila mafanikio. Uzeeni alirudi Atlanta kwa mdogo wake, Askofu Joseph, akafia hapo mwaka 1940. Kwenye cheti cha kifo, mahali pa kazi, Joseph alitaja ofisa mstaafu wa jeshi. Jeshi lenyewe lilimpa kuachishwa kwa heshima mwaka 1976, na Rais Bill Clinton akamsamehe mwaka 1999. Kwa hesabu yangu, familia iliwatangulia wote kwa zaidi ya miaka thelathini.

Anayeuliza haya yanatuhusu nini akumbuke kwamba tuna watoto wa chama hiki wanaovaa sare hapa hapa Fort Sam Houston, kambi ya jeshi ya mji wetu. Ndio niliowaandalia mhadhara wa Novemba, kwa gharama zangu. Viti 50 vilipangwa, wakaja watu 13, wanne kati yao wa nyumbani kwangu. Chai ilimwagwa.

Kuhusu mwakani, tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wetu wenyewe, kufufua maktaba na kuangalia uwezekano wa safari ya Thomasville, lilipo kaburi la Flipper tangu mabaki yake yahamishiwe huko mwaka 1978. Sherehe itafanyika hali ikiruhusu. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Atapokea ada za mwaka huu na za miaka ya nyuma.

Mwenyekiti