Kidonda hakianikwi kama mahindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kidonda kikifungwa kinaoza, na kwamba dawa yake ni kukiacha wazi kipigwe na hewa hadi kikauke. Simlaumu. Marehemu mama yangu alisema hivyo hivyo, nami niliamini hivyo hivyo mpaka nilipofikisha miaka 58 na mguu wangu wa kulia ukanitoa ujinga.

Mimi ni fundi makochi, Msamvu, hapa Morogoro. Kutwa nzima nipo na mbao, sponji, vitambaa na misumari. Sukari ninayo miaka mingi, na nyayo zilikuwa zimeanza kufa ganzi, nami nikaona ni uzee tu. Jioni moja navua kiatu, nakuta soksi imegandana na damu. Natikisa kiatu, hakitoki kitu. Kukigeuza soli ndipo naona kichwa cha kimsumari cha nusu inchi, vile tunavyopigilia kitambaa, kimezama chote. Huenda nilikikanyaga tangu asubuhi. Sikusikia hata mchomo.

Nikafanya kama msomaji mwenzangu anavyoshauri. Nilikaa barazani, mguu juu ya stuli, nafukuza nzi kwa kipande cha velveti. Wiki ya pili kikaota kigaga cheusi, kigumu kama soli. Nikamwambia mke wangu kimepona. Yeye ndiye aliyekibonyeza pembeni, usaha ukatoka.

Zahanati walikikwangua, wakanipa vidonge vya kumeza, na nikaambiwa niende kila siku kufungwa gozi. Hapa naongelea gozi ya hospitali, ile ya pamba yenye matundu, siyo gozi la ng'ombe ninaloshonea makochi. Kila asubuhi ile ya jana ilikuwa imeshika. Wanaimwagia maji ya chumvi ilegee, halafu wanaivuta, inatoka na vitone vya damu na vijinyama vyekundu vimeng'ang'ania kwenye nyuzi. Ganzi ilinisitiri na maumivu, lakini macho ninayo. Nesi mmoja wa kliniki ya kisukari alipokiona alisema, "Baba, hiki kidonda usiku kinajenga, asubuhi sisi tunabomoa."

Yeye ndiye aliyenitolea kwenye droo bandeji ya sponji. Nikaishika, nikaibonyeza, nikacheka. Sponji naijua kwa kidole! Ilikuwa poliurethani, ukoo mmoja na hii ninayojazia makochi, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na mkemia Otto Bayer na wenzake. Ni polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Hata gozi ya pamba ni polima, ila ya mmea. Tofauti ipo kwenye ufundi. Ile bandeji ilikuwa na tabaka la chini laini lisilong'ang'ania nyama, sponji ya katikati inayonyonya majimaji, na juu utando mwembamba unaopitisha mvuke kutoka lakini haupitishi maji wala vijidudu kuingia. Kama fundi, niliivulia kofia.

Tahadhari kwa mafundi wenzangu na wenye magodoro: msije mkakata sponji ya dukani mkajifungia. Ile haijaoshwa dawa wala haikutengenezwa kugusa nyama mbichi. Wala msifunge kidonda kwa mfuko wa nailoni, ingawa, ajabu, hadithi ya bandeji hizi ilianzia karibu na hapo. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, aliwatia nguruwe vidonda vidogo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa utando wa polithini, yaani plastiki. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakajaribu kwa binadamu, wakaona mwelekeo huo huo. Nesi alinieleza sababu: ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, na hutambaa penye unyevu. Palipokauka inabidi ichimbe kupita chini ya kigaga, kama mtu anayetafuta njia chini ya godoro.

Unyevu, lakini, si kuloa. Majimaji yakizidi, ngozi ya pembeni hugeuka nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mfua nguo, na hapo kidonda hupanuka. Ndiyo maana bandeji hizi ziko za aina nyingi. Penye majimaji mengi huwekwa sponji, au zile za alginati zinazotokana na mwani wa kahawia (siyo mwani wa Zanzibar, ule hutoa karajinani, kitu kingine kabisa). Pakavu huwekwa jeli ambayo sehemu kubwa ni maji.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kufungwa gozi ni 3,000, na bodaboda kwenda na kurudi 4,000. Kwa siku saba ni 49,000, na kila asubuhi karakana imefungwa. Bandeji ya sponji niliinunua 14,000 moja, nikatumia mbili kwa wiki: 28,000, na safari mbili kwa 7,000 kila moja: 14,000. Jumla 42,000. Nafuu ni 7,000 na asubuhi tano za kazi. Lakini bima yangu ililipia gozi, sponji ikakataa kwa maelezo kwamba ni ghali.

Nesi hakunidanganya. Aliniambia wazi kwamba kwa miguu ya wenye kisukari, tafiti hazijathibitisha kuwa sponji huponya haraka kuliko bandeji za kawaida, na kwamba ushauri wa wataalamu wa dunia ni kuchagua kwa kuangalia majimaji ya kidonda, raha ya mgonjwa na gharama. Alinisisitizia pia kwamba bila kushusha sukari, kukwangua nyama iliyokufa na kuuondolea mguu uzito, hata bandeji ya dhahabu ni bure. Nilitembea na magongo miezi mitatu, nikishona makochi nimekaa. Sidai sponji ndiyo iliyoniponya.

Ninachodai ni kwamba gharama ihesabiwe yote. Anayeagiza vifaa vya hospitali anaona bei ya gozi kwenye karatasi. Haoni bodaboda, haoni foleni, haoni karakana yenye kufuli wala mama wa kijijini anayeacha kwenda kufungwa siku ya nne kwa sababu nauli imeisha. Basi zahanati ziwekewe angalau aina moja ya bandeji ya kukaa siku tatu, na bima iilipie pale nesi anapoona inafaa. Maduka ya dawa nayo yakubali kuuza moja moja. Mimi nilizunguka maduka manne naambiwa ninunue boksi zima la kumi, mpaka kijana mmoja akanionea huruma akafungua.

Kovu langu sasa lina ukubwa wa kifungo cha shati. Kila jioni mke wangu hunimulika nyayo kwa tochi ya simu, na viatu hunikung'utia yeye, haniamini tena.

Fundi makochi,
Msamvu, Morogoro