Shukrani kwa Mama Aliyewafundisha Wanangu Rede

Shikamoo mama. Sikupata kukuuliza jina Jumamosi ile asubuhi pale ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, kwa hiyo natoa shukrani zangu hadharani nikitumaini kwamba zitakufikia.

Ulitukuta mimi na wanangu wawili tumekaa mkekani, kila mmoja ameinamia simu, ilhali maji yamekupwa na mchanga umetanda mweupe mbele yetu. Hukutusema. Uliomba soksi moja, ukaijaza vitambaa, ukaikaza kwa kamba mpaka ukapatikana mpira, kisha ukasimamisha chupa tupu mchangani na kuwaeleza kwa upole kwamba anayekaa katikati huukwepa mpira unaorushwa na wenzake wawili, huku akiijaza chupa ile mchanga kwa viganja vyake. Mimi niliyecheza rede kila jioni utotoni sikuwa nimewahi kuwafundisha, na jambo hilo lilinichoma moyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Wangu walikimbia zaidi ya saa mbili, na yule mdogo, chupa yake ilipojaa, alinijia mbio akiwa na mchanga hadi kwenye nyusi.

Siku hizi watoto wa majirani hukusanyika uani kwetu kila jioni, na mpira uliotufungia ungali mzima. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema, mama yangu.