Wanangu mnaofunga mizigo ya Singapore

Assalaam alaikum kwa mlio Waislamu, na salamu za heri kwenu nyote, wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, mlioikusudia safari hii.

Mimi ni mama yenu, karani mstaafu wa kampuni ya meli. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha Singapore nikishughulikia hati za mizigo. Tangu nirudi nyumbani, vijana huniletea simu zao niwasomee ujumbe wa mtu anayewaahidi kazi kule. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu maswali yenu ni yale yale, na kwa sababu jumbe nyingi mnazonionyesha ni za wezi.

Ninalotaka mlishike ni hili: Singapore mtu ni kibali chake. Kabla baba hajauza kiwanja, kabla mama hajaomba fedha za chama, jua kwa jina ni kibali gani utakachofanyia kazi, nani amekuombea, na kinakuruhusu kufanya nini. Mengine utafundishwa na jirani ukishafika. Hili likikosewa hakuna jirani wa kukusaidia.

Nianze na mabinti, maana ndio wanaonitia uchungu zaidi. Anayetaka mfanyakazi wa nyumbani Singapore haruhusiwi kumtoa nchi yoyote aipendayo. Serikali ina orodha: Ufilipino, Indonesia, Myanmar, India, Sri Lanka na nyingine za Asia. Hakuna nchi ya Afrika hata moja. Kazi za ujenzi na za karakana za meli nazo zina orodha yake, na sisi hatumo. Basi binti anayeambiwa kuna tajiri Singapore anatafuta yaya kutoka Kenya au Tanzania, anadanganywa, hata kama huyo anayemwambia ni shoga yake wa tangu utotoni. Huenda naye amedanganywa.

Wezi wana jibu tayari: "Utaingia kama mgeni, kibali utakikuta huko." Ni kweli Mkenya na Mtanzania huingia kwa matembezi bila viza, na mlango huo ndio wanaoutumia. Lakini muhuri wa matembezi haukuruhusu kufanya kazi hata siku moja. Mwanamume aliye chini ya miaka 50 akizidisha muda wake kwa zaidi ya siku 90, sheria inampa kifungo na viboko visivyopungua 3. Viboko hivyo hupigwa kweli, gerezani.

Sasa njia iliyo halali. Wengi wenu wenye shahada mtaangukia Employment Pass, kibali cha wataalamu. Mwombaji ni mwajiri. Wewe huwezi kujiombea. Tangu Januari 2025 mshahara wa chini kabisa ni dola 5,600 za Singapore kwa mwezi, na kwa sekta ya fedha 6,200. Kiwango hicho hupanda kwa umri: aliyefika miaka 45 anatakiwa alipwe 10,700 au zaidi. Juu ya hapo, tangu Septemba 2023 kuna mfumo wa pointi uitwao COMPASS, na lazima zifike 40. Wanapima mshahara wako ukilinganishwa na wenzako wa sekta hiyo, wanapima chuo ulichosoma, wanatazama kama kampuni inaajiri wenyeji, na wanatazama kampuni imejaza watu wa taifa gani. Hapo pa mwisho tuna bahati yetu. Katika kampuni kubwa, taifa lako likiwa chini ya asilimia 5 ya wataalamu wake, unaipatia kampuni pointi 20 kwa mkupuo. Mwambieni mwajiri jambo hilo kwenye usaili, kwa adabu, maana wengine hawajalifikiria. Vyeti navyo huhakikiwa na makampuni ya kuchunguza, kwa hiyo shahada ya kununua itakuumbua kabla hujapanda ndege. Mwenye diploma na ufundi anaweza kuombewa S Pass, kibali cha wenye ujuzi wa kati, ambayo hutolewa kwa uraia wowote, ila kampuni ina idadi yake isiyoweza kuizidi.

Kibali kikikubaliwa, hutolewa barua ya kukubaliwa kwa awali. Usisafiri kwenda kazini bila barua hiyo mkononi, na usiiamini kwa kuitazama tu. Nembo huchapishwa hata chumbani. Ingia kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi ya Singapore, MOM, uiangalie mwenyewe kwa namba yake. Tovuti hiyo hiyo inaorodhesha mawakala wote wenye leseni, na ina kikokotozi cha bure cha kujipima kama unastahili kibali. Huku kwetu Kenya, wakala awe kwenye orodha ya National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya serikali. Tanzania, waulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Wakala wa Singapore haruhusiwi kumtoza mfanyakazi zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, na kwa jumla isizidi miezi miwili. Mwajiri anayekutaka umrudishie sehemu ya mshahara, au umlipe ndipo akuajiri, anavunja sheria.

Mabaharia, ninyi mna sheria yenu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kupatiwa meli. Gharama zako halali ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi ya kusafiria. Viza ni juu ya mwenye meli. Nimewaona vijana wa Likoni na wa Kigamboni wakilipa "pesa ya nafasi" kama vile ni desturi ya bandari. Desturi hiyo ni ya wezi. Msiilipe.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo familia hupotezana. Dola moja ya Singapore, kwa viwango vya karibuni, ni kama shilingi 100 za Kenya. Mtoto akipata 5,600, nyumbani inasikika nusu milioni na ushei kila mwezi, na papo hapo ukoo mzima unaanza kupanga. Lakini chumba kimoja katika nyumba za serikali ziitwazo HDB, mnakokaa mkigawana jiko na choo na wengine, huchukua kama dola 1,000 na kuendelea. Ukitaka nyumba yako peke yako, nusu ya mshahara imeondoka. Ukikodi HDB mkataba hauwi chini ya miezi 6, na nyumba za watu binafsi ni miezi 3. Unaweka amana, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja kwa mkataba wa mwaka, na unalipia ushuru wa stempu. Usitume hata dola kumi kwa chumba ambacho hujakiona kwa macho. Dalali wa nyumba ana namba yake kwenye rejista ya CEA, chombo cha serikali kinachosimamia madalali, itafute. Na niwaambie wazi, wapo wenye nyumba watakaokataa kukupangisha kwa rangi yako au uraia wako, wengine watasema hivyo hivyo bila haya. Inauma. Usibishane nao, nenda kwa mwingine. Watu wema wapo, mimi nilikaa nao.

Msiote gari. Hati ya kuruhusiwa kumiliki gari kwa miaka 10, bila gari lenyewe, katika miaka ya karibuni imekuwa ikizidi dola 100,000 mara nyingi. Treni ya MRT na basi vitakufikisha kokote kwa nauli ndogo.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mfuko wa akiba wa CPF ni wa raia na wakazi wa kudumu. Wewe mwenye kibali hukatwi, na mwajiri hakuwekei chochote. Mshahara unaonekana mnono kwa sababu uzee wako haumo ndani yake. Basi weka mwenyewe kila mwezi, kabla ya kutuma nyumbani, si baada. Matibabu pia: mgeni hapati ruzuku kwenye hospitali za serikali. Mwenye S Pass, mwajiri analazimika kumkatia bima. Mwenye Employment Pass sheria haimlazimishi mwajiri, kwa hiyo dai bima iandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini. Na ukitaka kumchukua mke au mume na watoto, mshahara wako uwe angalau dola 6,000. Wangapi wameahidi "nitawaita mwaka ujao" bila kujua mpaka huo!

Mizigo yenu mfunge wenyewe. Narudia, mfunge wenyewe. Usimbebee mtu bahasha, kopo la achari, wala zawadi ya "kaka atakupokea uwanja wa ndege". Atakayekutwa akisafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini safi au gramu 500 za bangi hukumu yake ni kifo, na wamenyongwa wengi. Sheria humhesabu mwenye begi kuwa ndiye mwenye kilichomo, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Miraa msiiguse kabisa, kemikali yake iko kwenye orodha ya dawa za kulevya kule. Sigara za umeme ni marufuku, na sigara za kawaida hazina msamaha wa ushuru hata paketi moja. Mwenye dawa za usingizi au za maumivu makali aombe ruhusa kabla. Anayetokea Kenya, Uganda, Burundi au Congo abebe cheti cha homa ya manjano.

Ukishatulia, utakuta si ugenini kama ulivyodhani. Joto ni la pwani, mvua hainyeshi kwa msimu bali mwaka mzima. Chakula kipo kwenye masoko ya vyakula yaitwayo hawker, kila mtaa una lake, na ndiko watu wa kila hali hula. Nasi lemak ni wali wa nazi, satay ni mishkaki yenye mchuzi wa karanga, roti prata utaijua ukiionja. Ukiona pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza, ujue kiti kina mwenyewe. Ukimaliza kula rudisha sinia, tangu 2021 ni lazima. Sokoni Geylang Serai, kwa Wamalei, na Tekka kwa Wahindi, mtapata nazi, mihogo, bizari na samaki wabichi. Upikeni nyumbani, mfuko utapumua.

Waislamu, Masjid Sultan iko Kampong Glam, na ubavuni mwake kuna mtaa uitwao Muscat Street. Kuna kituo cha treni kiitwacho Aljunied, na madrasa ya Alsagoff ipo tangu 1912. Aljunied na Alsagoff ni koo za watu wa Hadhramaut, Yemen, ndugu wa masharifu wa Lamu. Bahari iliyowaleta huku ndiyo iliyowapeleka kule. Nilipoingia mara ya kwanza Masjid Ba'alwie, Lewis Road, nikasikia nyiradi zikisomwa, nilikaa nyuma nikalia. Wakristo nao hawatakosa kanisa, yapo mengi yenye ibada za Kiingereza. Jiungeni mahali, wanangu, wiki ile ile mnayofika. Kazi ya Singapore ni ndefu na watu wake hawana mazoea ya kubisha hodi. Kijana anaweza kumaliza mwezi akiongea na bosi na mwenye duka tu. Upweke wa namna hiyo nimeuona ukiwaharibu vijana wazuri.

Na mdomo muuchunge. Kutukana dini au kabila la mtu, hata kwenye simu yako, ni kosa la jinai. Maandamano si yako wewe mgeni, usisimame hata pembeni kupiga picha.

Kwenu wazazi mnaobaki. Kule wametutangulia kwa muda wa saa tano. Mkipiga simu saa moja jioni ya huku, mtoto kwake ni usiku wa manane na kesho ana kazi. Pigeni mchana, na simu ya kwanza isiwe ya ada ya shule. Mwacheni amalize miezi sita alipe madeni ya safari, ndipo mkae naye mpange kiasi anachoweza kutuma bila kulala njaa. Mkimwomba kila wiki atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza hamtajua akiwa hospitali.

Ninyi mlioko huko tayari na mambo yamewaendea kombo, hili ni lenu. Mwajiri haruhusiwi kukushikia pasi; ni kosa, mdai. Ukinyimwa mshahara, nenda TADM, ofisi ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ukafungue madai: ukiwa bado kazini una mwaka mmoja tangu kosa litokee, ukishaacha kazi una miezi 6 tu, kwa hiyo usikae ukingoja huruma ya mtu. Baharia peleka habari kwa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafiri, kwa sababu sheria ya ajira ya kawaida haimhusu. Ukiamua kurudi, mwajiri huzuia mshahara wako wa mwisho mpaka kodi ya mapato imalizwe kuhesabiwa. Mpe taarifa mapema usibaki bila nauli. Na kama kibali kimekufa na umejificha, usihesabu siku zikapita 90. Nenda Idara ya Uhamiaji, ICA, kwa miguu yako mwenyewe, na piga simu nyumbani usiku huo huo. Wakiogopa kukupokea mikono mitupu, waambie waje kwangu Kisauni, nitazungumza nao mimi.

Mama yenu,
Mombasa