Kwa Mwanangu Mpiga Besi

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema kwamba Jumamosi mlipiga muziki hadi saa nane usiku katika baa moja huko Kabalagala, Kampala, watu wakacheza, kisha mwenye baa akawapa nusu tu ya fedha mlizopatana, akidai kwamba bia hazikuuzika. Sasa unaniuliza kama uuze gitaa lako utafute kazi nyingine. Nakujibu kama mama yako na kama mtu aliyeimba katika baa na kumbi za mji huu kabla hujazaliwa: usiuze. Usiku ule muziki wenu haukuwa na kasoro. Kilichovunjika ni mapatano, na mapatano hutengenezeka.

Najua hasira yako inatoka wapi, kwa sababu hesabu ya bendi ni kali kuliko watu wa nje wanavyodhani. Tuseme mmepatana shilingi 600,000 na nyinyi ni watu sita. Gari la kubebea vyombo pamoja na spika za kukodi vikichukua 180,000, zinabaki 420,000, na kila mmoja anapata 70,000. Mwenye baa akikata nusu, gari na spika havikati nusu yao, kwa hiyo zinabaki 120,000, na kila mmoja anaondoka na 20,000, ambazo boda boda ya usiku wa manane inazimega kabla hujafika nyumbani. Yeye amekata nusu, lakini wewe umepoteza zaidi ya theluthi mbili ya haki yako. Mwelezeni hivyo, kwa upole na kwa tarakimu, kwa sababu wenye baa wengi hawajawahi kuipiga hesabu hiyo kutoka upande wa bendi.

Kuanzia sasa, msishushe spika kwenye gari kabla ya kuandikiana. Karatasi moja inatosha: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mapumziko ni mangapi, nani anagharimia gari, nani ananunua mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na malipo ni kiasi gani, wateja wawe wengi au wachache. Nusu ilipwe mnapofika, na iliyobaki ilipwe kabla ya awamu ya mwisho, wakati watu bado wako uwanjani wanacheza na mwenye baa bado anawahitaji. Mchagueni mmoja wenu ashughulikie fedha, na asiwe mwimbaji. Mwimbaji akigombana na mtu juu ya fedha kabla ya kupanda jukwaani, koo linakaza, na wateja wanasikia.

Unalalamika pia kwamba mnasubirishwa hadi mpira wa Uingereza uishe kwenye televisheni, na kwamba Arsenal ikifungwa nusu ya watu wanaondoka. Hilo halina dawa, mwanangu, na wala halistahili kukunyima usingizi. Tumieni muda huo kukaza nyuzi na kupanga nyimbo, kisha muanze na kitu cha taratibu, kwa maana mtu aliyetoka kupiga kelele kwa dakika tisini hataki kupigiwa kelele nyingine papo hapo. Wakibaki watu wanane, wapigieni hao wanane kama mnavyopiga ukumbi ukijaa. Mimi nilijifunza kuimba zaidi mbele ya meza tupu kuliko mbele ya umati, kwa sababu umati hufunika makosa, lakini pakiwa kimya unasikia kila pumzi uliyoivuta vibaya.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Baa inafundisha jambo ambalo chumba cha mazoezi hakiwezi kulifundisha, nalo ni kuongozwa na miguu ya wachezaji. Mkiwa kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea ambapo magitaa yanachangamka, na mama mmoja akaweka glasi chini na kusimama, mpiga gitaa la solo anatamani kukimbia, lakini wewe na mpiga ngoma ndio mnaoamua kama mama huyo atacheza kwa dakika moja au kwa dakika kumi. Besi ikitulia pale pale, bila pambo, meza ya pili nayo itasimama. Ujuzi huo haununuliwi. Bendi ya Afrigo ilianzishwa Kampala mwaka 1975 na imedumu hadi leo, na Moses Matovu na saksafoni yake wamekuwamo tangu mwanzo, kwa sababu miaka yote hiyo walikuwa wakipiga muziki mbele ya watu, wiki baada ya wiki. Hata Rachel Magoola, ambaye mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bugweri katika Busoga yetu hii, aliimba na bendi hiyo kabla watu hawajamjua kwa siasa.

Na kuhusu kuuza gitaa, kumbuka ule wakati wa korona. Baa zilifungwa Machi 2020 na hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi Januari 2022. Wanamuziki wengi waliuza vyombo vyao ili watoto wale, na sina neno la kuwalaumu. Lakini milango ilipofunguliwa, aliyekuwa hana chombo alilazimika kukodi, na kukodi kukawa kunakula malipo yake kila wiki. Wewe leo huna njaa ya namna ile. Una uchungu tu, na uchungu wa namna hiyo hupungua.

Linda masikio yako. Simama mbali na matoazi, usiweke spika nyuma ya kichwa chako, na ununue vizibo vya masikio vya wanamuziki. Kelele ikifika desibeli 100, usikae ndani yake zaidi ya robo saa kwa siku nzima. Ukirudi nyumbani masikio yanavuma, ujue yamekwisha kuumia.

Mteja wa baa anataka nyimbo anazozijua, na ni haki yake, lakini kila usiku pitisheni wimbo wenu mmoja katikati, wakati watu wamekwisha kuchangamka, na msitangaze kwamba ni mpya. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi na pia mpigaji, na chama cha UPRS hukusanya ada kwa niaba ya watunzi pale nyimbo zao zinapopigwa hadharani, basi jiandikisheni mapema, huku mkiandika wazi nani alitunga nini. Bendi nyingi nzuri zimevunjwa na swali hilo lilipoulizwa baada ya wimbo kupendwa.

Ule wimbo wa Kisoga ulionitumia nimeusikiliza na baba yako, naye ameomba aurudie. Kiitikio ni kizuri mno. Ubeti wa tatu una maneno mengi kuliko pumzi ya mwimbaji: ondoa mstari wa pili, uiachie besi nafasi ile, kisha unitumie tena nisikie.

Wasalimie wenzako wote.

Mimi mama yako