Safari ya Shimo la Tewa: someni kabla ya kufunga mizigo

Ndugu zangu, habari za jioni. Tunawapelekea mahitaji watoto wanaoishi na mama zao katika gereza la wanawake la Shimo la Tewa, Mombasa. Tunatoka Tanga alfajiri kupitia mpaka wa Horohoro. Pasipoti ziwe mkononi.

Sheria ya Kenya inamruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani hadi miaka 4, basi nguo zisizidi saizi hiyo. Nepi za kitambaa na sabuni za mche ndizo zinazohitajika zaidi. Pakiti zisifunguliwe, maana kila kitu kinapekuliwa getini. Maziwa ya kopo hapana, tafadhali: mtoto akiyazoea ananyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua, na kopo likiisha hana pa kushika. Mipira iwe mikubwa isiyoingia mdomoni, idadi sawa na watoto. Mmoja akikosa, ni kilio.

Simu zibaki garini. Hata ukiruhusiwa, usipige picha. Mtoto hana kosa, na picha itamfuata hadi shuleni. Mama naye asiulizwe kesi yake. Mwenye mafua asije, watoto wanalala karibu karibu. Na usimwahidi mtoto kwamba utarudi kama huna hakika.

Majina kamili na namba za pasipoti nitumieni faragha, si hapa kikundini, kabla ya Ijumaa.